Kufungua Nyumba ili Baba Aingie

Baba yangu ni fundi wa mawe. Maduka mengi ya Ikonge yamepita mikononi mwake, na madarasa, na choo cha kanisa ambacho wageni hukisifu kuliko kanisa lenyewe. Katika nyumba zote za kwetu, moja tu ndiyo iliyomshinda kuingia, nayo ilikuwa yangu. Hatukuwa tumegombana. Kwetu sisi Wakisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, basi. Tunaiita chinsoni, adabu ya kuoneana haya, na haina rufaa. Jirani anaweza kuingia, muuza maziwa anaweza, hata mwizi anaweza. Baba mzazi anasimama uani na kuita.

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aliyesema hivyo hakuwa na mtoto wa kiume mwenye mke.

Mimi pia ni mjenzi, ingawa baba hulitamka neno hilo akinitazama viatu. Najenga nyumba za chuma chepesi. Chuma chenyewe hakipitii motoni: bamba jembamba linasukumwa ndani ya mashine likiwa baridi, linakunjwa kingo, linatoka upande wa pili likiwa nguzo. Nguzo zinafungwa kwa skrubu zikawa fremu, fremu zikawa vyumba, vyumba vikapangwa kama kreti za soda. Hakuna mti uliokatwa, hakuna tofali lililochomwa kwa kuni. Na ukichoka na mahali, unaifungua nyumba, unaibeba, unaifunga kwingine. Maneno haya nimeyahubiri sana sokoni Mosocho na mjini Nyamira, hata mke wangu akiniona nimefungua mdomo mbele ya mgeni hunimalizia.

Siku fremu za nyumba yangu zilipofika, lori lilikwama kwenye matope na vijana wakazibeba begani katikati ya majani chai. Baba alisimama kando ya njia akizitazama zikipita.

"Hii ni nyumba au mifupa ya kuku?"

"Ni nyumba, Tata." Tata ndiyo baba kwa lugha yetu.

"Na nyama yake inakuja lini?"

Tangu nilipochora mistari ya msingi ardhini hakuvuka tena. Nyumba ilikuwa fremu tupu, haina ukuta wala paa, mbuzi wanapita katikati wakitafuna, na yeye anaizunguka kwa mbali kama kaburi. Ilipokwisha, mateso yake yakaanza. Fundi wa mawe, mtu ambaye hawezi kupita kwenye ukuta wa mwenzake bila kuugonga, amejengewa nyumba mlangoni pake na haruhusiwi kuona ndani. Kwa hivyo alikuwa akija chini ya dirisha, analigeuzia mgongo asije akaona kitu kwa bahati mbaya, kisha ananihoji huku akitazama migomba.

"Kona ya kule ndani imenyooka?"

"Imenyooka, Tata."

"Umeipima kwa timazi?"

"Nimeipima."

"Nani alikuona?"

Mke wangu akiwa jikoni alikuwa anajiziba mdomo kwa leso.

"Dari umeweka nini?"

"Bodi ya jasi."

"Jasi si ile ya chaki?"

"Ni jamii ya chaki, ndiyo."

"Kwa hivyo mtoto wangu analala chini ya chaki," aliiambia migomba, akaondoka. Tuliishi hivyo miaka.

Lakini mganga hajigangi. Huyu fundi wa mawe mwenyewe alikuwa akiishi katika nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga ujanani akisema ni ya muda tu. Mama alifia humo, na baba akabaki peke yake na nyumba yake ya muda. Mwaka jana mvua ndefu ilinyesha bila adabu. Maji yakapenya chini ya ukuta wa nyuma, na asubuhi moja, baba akiwa nje anakamua, ukuta ukalala chali kwenye migomba na nusu ya paa ikalala juu ya kitanda chake. Hakuumia. Ila alishinda kwenye mvua akiokoa vyombo vyake vya kazi, kimoja kimoja, akinifukuza kila nilipotaka kumsaidia.

Kikohozi kikaanza. Nilimpeleka Nyamira, daktari akamsikiliza kifua, kisha akaniita kando na kuniambia bila kuzunguka kwamba ni nimonia, na kwa umri wa mzee, asipolala mahali pakavu pasipo na moshi, dawa anazompa ni bure.

"Mna nyumba kavu?" aliuliza.

"Tunayo."

"Basi shida iko wapi?"

Nikamwambia tutaangalia.

Jikoni kulikuwa na moshi. Kwa dada yangu aliyeolewa Keroka, hapana, mtu mzima halali kwa mkwewe. Chumba cha kupanga sokoni? "Mimi mwenye boma langu nikawe mpangaji Ikonge?" Akachagua banda la ndama. Ndama mwenyewe hakuhamishwa kwa sababu, baba alisema, anatoa joto.

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Mzee ana watoto, ana ardhi, kuna nyumba kavu ambayo angeifikia kabla chai haijapoa mkononi, na analala kwenye nyasi na ndama! Nilikwenda bandani nikafoka.

"Tata, mimi na mke wangu tutahama. Leo hii. Ingia uchukue nyumba."

"Mkihama, nyumba nayo imehama?"

"Nyumba itahamaje?"

"Basi bado ni yako." Akakohoa mpaka ndama akasimama.

"Mkataa pema pabaya panamwita!"

"Methali peleka shuleni," alisema, akavuta blanketi.

Usiniulize kwa nini sikumbeba tu nikamwingiza kwa nguvu. Nililifikiria. Lakini nilijua angetoka kwa kutambaa, na angekufa kwa aibu kabla hajafa kwa nimonia. Mtu amekuwa mzee wa kanisa na mzee wa ukoo maisha yake yote, halafu mwisho mwanawe anamvunjia heshima. Niliogopa sana siku hizo. Kila kikohozi kilichotoka bandani nilikihisi kwenye mbavu zangu mwenyewe.

Mke wangu ndiye aliyetutoa hapo. Ni mwalimu, na kwa heshima haongei na baba mkwe moja kwa moja, kwa hivyo akitaka kumwambia jambo huniambia mimi kwa sauti ya paredi.

"Wewe!" aliniita tukiwa uani. "Si unawaambiaga watu nyumba zako zinafunguka?"

"Zinafunguka."

"Ifungue basi. Ikishakuwa chini ni chuma, si nyumba ya mtu. Halafu mzee ajengewe nacho upande wake."

Bandani kikohozi kilikatika. Tukangoja. Kisha tukamsikia baba akimwambia ndama, "Waambie hao wamwite mdogo wangu."

Mdogo wake baba, yaani baba mdogo wangu, anajulikana kwa kuzijua mila zote, na kwa kutokuwa na shughuli nyingine yoyote. Alifika Jumatano na mwavuli, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wangu, nami nikasimama mbele yake nimeshika drili kama mshtakiwa aliyekamatwa na kidhibiti.

"Nyumba inaacha kuwa nyumba lini?" aliuliza.

"Nikitoa paa."

"Zimeezuliwa nyumba ngapi hapa na upepo, na wenyewe bado wamo ndani?"

"Basi nikitenganisha kuta."

"Ukuta mzima ni nusu ya nyumba."

"Sasa baba mdogo, unataka nini?"

"Ng'ombe kichwa kikiwa bado kiko shingoni, wewe unaiita hiyo nyama?"

Alikuwa anataka kila nguzo itolewe kwenye fremu yake. Kila moja! Nilimweleza kwamba fremu zinatoka karakana zikiwa zimefungwa tayari, kwamba hakuna fundi duniani anayezifungua, kwamba ni upuuzi. Nilieleza kwa sauti kubwa sana.

"Basi wewe utakuwa wa kwanza," alisema. "Hongera."

Hakuishia hapo. Skrubu zilizoishika nyumba ya mwana haziwezi kuishika ya baba, kwa hivyo zinunuliwe mpya. Bodi za chumba cha kulala zisiguse kabisa upande wa mzee, zikaezeke banda.

"Na za sebuleni?" niliuliza, maana nilianza kuona baba yangu atapata nyumba isiyo na kuta.

Akafikiri. "Sebuleni wageni walikuwa wanaingia?"

"Kila siku."

"Hizo zimeonwa na watu wote. Hazina siri. Zipite."

Maji ukiyavulia nguo yaoge. Alhamisi asubuhi tulitoa viti na kabati, tukavifunika kwa turubai chini ya migomba, nikaanza kuifungua nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Majirani walikuja kusaidia, na wengine walikuja kuona. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa huruma kama mimi na mke wangu tumeachana na ndiyo tunagawana. Jioni palikuwa na rundo la nguzo tu. Baba mdogo alilizunguka akiwa na mwavuli wake, akaokota nguzo mbili zilizokuwa bado zimeshikana kwa skrubu, akaninyooshea. Nikaitoa ile skrubu.

"Sasa ni chuma," alisema.

Hapo baba akatoka bandani, blanketi begani, akaja polepole mpaka kwenye rundo. Akachukua nguzo moja, akaipima uzito mkononi, akaigonga kwa kidole, akasikiliza. Uso mkavu kabisa.

"Chuma kizuri hiki," aliniambia. "Umekitoa wapi?"

Nilimkodolea macho. Baba mdogo akanikanyaga mguu.

"Nimekipata tu, Tata."

"Kinafaa nyumba."

Sasa kulikuwa na mbio za jua. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa jua likizama kazi imekwisha mpaka kesho yake jua lizame tena. Alfajiri tuliondoa mabaki ya nyumba yake iliyoanguka, tukapanga upya mawe ya msingi wake, tukaanza kusimamisha fremu juu yake. Nani alikuwa amekaa katikati ya msingi kwenye kigoda, anatetemeka, timazi mkononi? Ilikuwa sasa ni nyumba yake tangu mstari wa kwanza, na hakuna mila iliyomzuia kukaa kati ya nguzo zangu na kunitukana kwa karibu.

"Hiyo imelala."

"Haijalala, Tata."

"Imelala. Itoe."

"Tata, jua!"

"Jua halijengi. Itoe."

Niliitoa. Ilikuwa imelala kidogo, kosa langu hilo. Kufikia saa kumi na mbili na nusu paa lilikuwa juu na kuta tatu zimefungwa bodi. Ukuta uliobaki ni ule wa upande wa majani chai, ambako mvua yetu yote hutokea. Nilikuwa nimeinua bodi ya kwanza baba aliposema, "Wekeni chini."

"Ukuta mmoja tu, Tata!"

"Jua limekwenda."

"Yesu mwenyewe alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato..."

"Mimi ni ng'ombe?"

Vijana wakaweka drili chini. Baba akarudi kwa ndama wake, na sisi tukalala jikoni.

Asubuhi ya Sabato midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwambia tunakwenda hospitali Kisii sasa hivi. Akasema washirika wanakuja mchana kumwona mgonjwa, na mgonjwa anapokea wageni kwake, si bandani. Hospitali tuzungumze baada ya jua kuzama. Tukamhamishia kwenye kiti katikati ya sebule yake yenye kuta tatu, tukamvika makoti yote ya ukoo. Kwaya ya kina mama ikafika ikiwa imevaa sare. Hawajamaliza kusalimia, wingu likateremka kwenye majani chai na mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati.

Ilikuwa inaingia moja kwa moja. Nilishika bodi. Baba akanikemea kwa jicho tu, sauti ilikuwa imemwisha.

"Kumtembelea mgonjwa si kazi," alisema mama kiongozi wa kwaya, mwanamke mpana na mwenye akili. Alikwenda akasimama kwenye pengo kati ya nguzo na nguzo, mgongo kwenye mvua, akafungua mwavuli nyuma yake. Wa pili akasimama pengo la pili. Wakajaa upande wote. Wengine wakashika turubai juu ya vichwa vyao.

"Na turubai?" nilimuuliza baba mdogo.

"Kushika si kupigilia," alisema. "Endeleeni."

Basi wakaimba. Baba yangu, mgonjwa wa nimonia, alikuwa amekaa ndani ya nyumba ya chuma yenye ukuta mmoja wa kwaya. Sauti ya kwanza upande wa mlango, sauti ya pili katikati, na besi ni mimi na baba mdogo mwishoni, mawe yanatupiga kisogoni. Na mzee, jamani, hakuweza kujizuia. Alikuwa amefumba jicho moja, anapima.

"Wewe wa tatu," alinong'ona, "ingia ndani kidogo. Hujanyooka."

Yule mama akaingia ndani kidogo. Nilicheka mpaka nikajikuta nalia, na mvua ikanisaidia kuficha. Niliwaza: akifa leo, nitawaeleza watu nini?

Jua lilipozama walikuwa bado wanaimba, wamelowa chapachapa. Nilifunga bodi moja moja, na kila bodi ilipoingia mwimbaji mmoja alitoka akaenda kunywa uji. Ukuta ukafungwa. Tukaingiza kitanda, tukamlaza, tukamfunika. Hospitali alikataa tena. Alisema amechoka na amefika kwake. Mimi na mke wangu tukaenda bandani, watoto wakiwa shule ya bweni, na ndama akatupokea vizuri tu.

Usiku ule hatukusikia kikohozi. Tulikuwa tumezoea kukisikia hivi kwamba ukimya ulinitisha kuliko kelele. Kulipopambazuka nilitoka mbio bila viatu. Mlangoni nikasimama, mkono kwenye komeo, nashindwa kusukuma. Kisha nikasukuma.

Alikuwa ameketi kitandani, miguu sakafuni, amekunywa maji yote tuliyomwachia. Macho yalikuwa makavu, hayana homa. Alikuwa akitazama ukuta. Zile zilikuwa bodi za sebule yangu, na kwenye moja kulikuwa na madoa mawili ya mafuta, mahali ambapo mimi na mke wangu huegemeza vichwa jioni tukikaa kwenye benchi.

"Hizi bodi si mpya," alisema.

"Si mpya, Tata."

"Zilikuwa kwa nyumba ya mtu."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. "Zilikuwa," nilisema.

"Mtu mwenye mke?"

"Mwenye mke."

Akainuka, akashika ukuta, akapima kwa vidole nafasi kati ya doa na doa. Haikuenea shubiri.

"Walikuwa wanakaa hivi? Karibu hivi?"

"Kila jioni."

Akarudi kukaa. Pumzi yake ilikuwa haikwaruzi tena.

"Mimi kutoka uani nilikuwa nasikia sauti tu," alisema. "Huyo mwanamume anapenda kufoka. Miaka hii yote nilikuwa nafikiri yule msichana wa watu anateseka humo ndani, na mimi siwezi kuingia."

"Hateseki, Tata."

"Naona," alisema baba. "Hii bodi msiipake rangi."